Siku Moja Mombasa na Watoto: Mwongozo Kamili kwa Familia Inayopita Njiani

Kila likizo ya Agosti na ya Desemba nyumba yetu hugeuka kituo cha safari. Huyu anakwenda Lamu, yule Diani, mwingine anarudi Nairobi kutoka arusi ya Malindi, na wote wana siku moja tu Mombasa: wengi treni imewashusha kabla ya alfajiri, na usiku huohuo wanaondoka tena. "Mjomba, tutembeze mji," wapwa zangu husema hata viatu hawajavua.

Mara ya kwanza nilikosea. Niliandika sehemu tisa kwenye karatasi na nikaazimia tuzimalize zote. Saa saba mchana tulikuwa karibu na soko la Marikiti, na mpwa wangu mdogo, miaka minne, akaketi kwenye kizingiti cha duka. Hakulia. Midomo ilikuwa imekauka, ngozi inachoma, macho yametulia tu. Mama mwenye duka la leso, yaani kanga, alimvuta ndani, akachana leso mpya, akailowesha maji na kumfunika nayo kichwa na shingo, kisha akawa anamnywesha kidogo kidogo. Nusu saa ilipita kabla mtoto hajaomba embe. Mama yule alikataa katakata kulipwa leso yake.

Tangu hapo sipangi siku kwa orodha ya sehemu. Naipanga kwa jua na kwa maji ya bahari, na watoto wanarudi garini wakiwa wamechoka uchovu mzuri. Haya ndiyo ninayofanya.

Kwanza, elewa kwamba Mombasa ni kisiwa

Ukitoka bara unaingia kwa Makupa. Kaskazini, kuelekea Nyali, Bamburi na Malindi, unatokea Daraja la Nyali. Kusini, kuelekea Diani na mpaka wa Lunga Lunga, unavuka kwa feri ya Likoni, au unazunguka kwa barabara mpya ya Dongo Kundu ukitokea Miritini. Milango hii yote hujaa asubuhi watu wanapokwenda kazini na jioni wanaporudi. Kwa hiyo ndani ya siku moja toka kisiwani mara moja tu, tena upande mmoja. Anayetaka ngome ya Fort Jesus asubuhi, Diani mchana na Bamburi jioni ataiona Mombasa kupitia dirisha la gari.

Jingine linalowashangaza wageni: kituo cha treni ya SGR, ile ya reli mpya ya Nairobi, hakiko mjini. Kipo Miritini, bara, na barabara ya kwenda huko ni ileile ya malori ya bandarini. Ukiondoka mjini jioni, jihesabie saa nzima njiani, na siku ya mvua ongeza nusu saa.

Wiki moja kabla: tazama mwezi

Watu wa hapa wanaohusika na bahari hawaulizi tu hali ya hewa, huuliza mwezi umeandama lini. Fanya vivyo hivyo. Ukiwa na kalenda ya mwezi wa Kiislamu, kazi ni rahisi. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na tarehe 15, ndizo za bamvua: maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa sana mnamo saa kumi alasiri. Karibu na tarehe 8 na 22 ni maji mafu. Bahari haipandi sana wala haishuki sana, na saa zake hugeuka, maji yakijaa asubuhi na kupwa alasiri. Katikati ya siku hizo, kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake.

Kwa nini hili ni muhimu kwa familia? Kwa sababu wewe utafika ufukweni alasiri. Alasiri ya bamvua, mchanga wa ufuo wa umma wa Bamburi hupungua hadi ukawa ukanda mwembamba, mawimbi yanapiga karibu na wauza chakula, na mtoto mdogo hana pa kuchezea. Alasiri ya maji mafu mchanga ni mpana na maji yametulia. Kama tarehe yako imeangukia bamvua au una watoto chini ya miaka sita, usiende kaskazini kabisa. Baki kisiwani. Nitaeleza zaidi chini.

Majira nayo yana neno. Februari na Machi joto ni kali kuliko miezi yote. Aprili na Mei ni masika, na mvua yake inaweza kuifunga barabara. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi huvuma, hewa inakuwa tamu, na ndio wakati ninaoupendelea kwa watoto. Ukipita Ramadhani, jua kwamba mikahawa mingi ya Mji wa Kale hufungwa mchana. Watoto wapewe chakula chumbani au mkahawani, si barabarani, na jioni utapata mji ulio hai kuliko siku nyingine yoyote.

Mizigo na chumba: hapa usibane pesa

Familia nyingi hujaribu kutembea siku nzima bila chumba, mizigo wakiiacha popote. Nakusihi usifanye hivyo. Kukodi chumba kimoja chenye feni au kiyoyozi kwa siku nzima, hata kama hutalala usiku, ndiyo pesa yenye faida kubwa kuliko nyingine zote utakazotoa siku hiyo. Mizigo inapata pa kukaa, watoto wanapata pa kuoga na kulala adhuhuri, na mama anayenyonyesha anapata faragha.

Piga simu siku chache kabla, useme wazi kwamba mtafika alfajiri na kuondoka saa mbili usiku, kisha uulize bei ya mchana. Nyumba nyingi za wageni hukubali bei pungufu mkiafikiana mapema. Tafuta iliyo karibu na Mji wa Kale au katikati ya mji, ghorofa ya chini au yenye lifti.

Muhimu zaidi, ufunguo ukae mkononi mwako. Mwaka mmoja tuliacha mabegi mahali fulani tulipoambiwa ni bure. Tuliporudi usiku, aliyekuwa na ufunguo wa stoo alishakwenda kwake, na tukasimama uani dakika 50 tukimngoja huku saa ya treni ikikaribia. Dada yangu hajasahau mpaka leo.

Mfuko mmoja wa kutembea nao

Mabegi yote yabaki chumbani. Mtu mzima mmoja abebe mfuko mmoja, na ndani yake viwemo: leso mbili, chupa za maji za kujazwa tena, kofia za watoto, mafuta ya kujikinga na jua, pakiti mbili za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) kutoka duka la dawa, nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtoto, tishu, na noti ndogo ndogo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo chukua mfuko wa kitambaa.

Leso nimeitaja ya kwanza makusudi. Ni mkeka, ni kivuli, ni taulo, ni mbeleko, ni stara ya kuingilia mitaa ya Mji wa Kale, na ikiloweshwa ni dawa ya joto. Kigari cha mtoto kiache. Vichochoro vina ngazi, mawe na pikipiki. Mtoto abebwe.

Chukua vitambulisho vya wazazi na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kiingilio cha makumbusho kwa raia wa Afrika Mashariki ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni wa mbali, lakini lazima uonyeshe wewe ni nani. Malipo ni kwa simu, kwa hiyo hakikisha laini yako ina pesa na simu ina chaji.

Alfajiri: kushuka Miritini

Treni ya usiku kutoka Nairobi hufika kungali giza. Usikimbilie gari la kwanza. Wapeleke watoto msalani palepale stesheni, wanawe uso, ndipo mtoke. Nje utakuta matatu za kwenda mjini, teksi na tuktuk. Tuktuk hubeba abiria watatu, basi familia ya watu watano yenye mabegi itahitaji mbili, na hapo teksi moja huwa nafuu na salama zaidi. Ukiita kwa programu ya simu utaona bei kabla. Ukipatana na dereva mwenyewe, patana mkiwa mmesimama nje, bei itajwe ni ya gari zima na mizigo yote.

Nendeni moja kwa moja chumbani. Wanaotaka walale saa moja, wengine waoge. Asubuhi inaanza mtakapotoka.

Saa moja asubuhi: mahamri na mbaazi

Kifungua kinywa cha Mombasa ni mahamri na mbaazi za nazi, na chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi. Mkute mama anayechoma mwenyewe. Simama na watoto hatua chache kutoka kwenye karai muangalie: kipande cha unga bapa chenye pembe tatu kinazama kwenye mafuta, kinatulia kidogo, kisha kinavimba ghafla na kuelea kama mto mdogo, naye anakimwagia mafuta ya moto juu kwa upawa hadi kiive rangi ya kahawia. Wapwa zangu huhesabu mangapi yamevimba na mangapi yamekataa. Hamri la moto likipasuliwa lina uwazi ndani; jaza mbaazi humo.

Watoto wasishibe kupita kiasi, lakini kila mmoja anywe maji kikombe kizima kabla ya kuondoka. Ya mfereji yasinywewe. Nunua ya chupa au ya kujazwa dukani.

Saa mbili: Fort Jesus, muwe wa kwanza mlangoni

Lango hufunguliwa saa mbili. Fikeni saa hiyohiyo, kwa sababu ua wa ngome hauna kivuli cha kutosha, na ikifika saa nne zile kuta zinarudisha joto kama jiko.

Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, na tangu 2011 ni Urithi wa Dunia wa UNESCO. Hayo ni ya wazazi. Mtoto wa miaka minane hana haja na jina la Cairati. Ana haja ya kitu cha kutafuta. Kwa hiyo mimi huwapa wapwa zangu kazi langoni.

Ya kwanza: tafuta mnyama wa baharini ukutani. Ngome imejengwa kwa mawe ya matumbawe, na ukiweka uso karibu na ukuta utaona vijitundu vyenye umbo la nyota na mistari iliyopangana kama kurasa za kitabu. Hayo ni makao ya viumbe waliowahi kuishi chini ya maji. Waguse kwa kidole taratibu, wasikwaruze. Mpwa wangu mkubwa alikaa kwenye pembe moja ya ukuta dakika kumi na tano akihesabu nyota, na alipoulizwa jioni ameona nini Mombasa, hicho ndicho alichokitaja kwanza.

Ya pili: tafuta merikebu zilizochorwa. Mabaharia wa Kireno walichora ukutani vyombo, watu na samaki, na kipande hicho kimehifadhiwa. Waulize watoto, baharia aliye mbali na kwao miezi mingi huchora nini?

Ya tatu: tafuta vitu vilivyotoka kwenye merikebu iliyozama. Hapa wasimulie. Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira ngome hii, na mzingiro ukaendelea hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu ya njaa na maradhi ndani ya kuta hizi. Merikebu Santo António de Tanná ilikuja kuwaokoa waliomo, ikazama 1697 mbele ya ngome. Wapiga mbizi waliifukua miaka ya 1970, na baadhi ya vitu vyake vimo kwenye makumbusho. Ukimaliza kusimulia, panda nao ukutani upande wa bahari, uwaonyeshe maji yalipoimeza. Hapo historia inakuwa ya kuonekana kwa macho.

Waingereza waliigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958, na makumbusho yakafunguliwa 1960. Pitieni Nyumba ya Waomani na mizinga, kisha tokeni. Saa moja na nusu inatosha. Humo ndani kuna vyoo safi. Wote waende hata wasiojisikia, kwani Mji wa Kale vyoo vya wapita njia ni haba.

Ukitaka mwongozaji, mchukue mwenye kitambulisho, mpatane bei na muda kabla ya hatua ya kwanza, na umwambie kuna watoto ili akate maneno.

Kabla ya saa tano: Mji wa Kale kwa miguu

Kutoka ngomeni ingia Ndia Kuu. Waambie watoto wasome kibao vizuri. Ndia ni njia kwa Kimvita, lugha ya wenyeji wa mji huu, na mtoto aliyesoma Kiswahili cha shuleni hufurahi kugundua kwamba kuna Kiswahili kingine kinachoishi barabarani. Wasikie pia salamu: sabalkheri ya asubuhi, masalkheri ya jioni, na shikamoo kwa kila mzee aliyeketi barazani. Mtoto anayeamkia vizuri hufunguliwa milango hapa. Mara mbili wapwa zangu wameitwa ndani kuonyeshwa mlango wa nakshi kwa upande wa nyuma, kwa sababu tu walisema shikamoo bila kuambiwa.

Shukeni kuelekea baharini hadi Msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570, wenye mnara mnene unaochongoka juu. Uutazame kwa nje. Kuingia ni kwa ruhusa na kwa stara. Endeleeni hadi uwanja ulio karibu na Bandari ya Kale, ambako majahazi yalikuwa yakitia nanga kwa pepo za kaskazi na kuondoka kwa kusi. Kamera iweke chini ukiwa bandarini, na popote pengine omba idhini kabla ya kumpiga mtu picha, hasa kina mama.

Rudini mkipandia upande wa Mtaa wa Biashara. Hapa ndipo pa leso. Duka la Kaderdina Hajee Essak, wenye chapa ya Mali ya Abdulla, wamekuwa kwenye biashara hiyo tangu 1887. Mwache kila mtoto achague leso moja kwa jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa, si kwa rangi. Watasoma dukani kwa sauti, watauliza maana, na muuzaji atawaeleza. Ni somo la lugha ambalo hulipii karo.

Marikiti, soko lililojengwa 1914, ni hatua chache kutoka hapo. Kuna bizari, karafuu, iliki, maembe ya achari, kachiri na mabuyu mekundu. Nunua kidogo, dakika kumi tu, mikono ya watoto ikiwa imeshikwa. Yale mapembe makubwa ya ndovu ya bandia ya Moi Avenue mtayaona mkiwa garini. Yapo kati ya barabara yenye magari mengi na sioni sababu ya kuwavusha watoto kwa ajili ya picha.

Siku ya Ijumaa maliza haya yote kabla ya saa sita. Maduka mengi hufungwa kwa sala, na mitaa iliyo kando ya misikiti hujaa waumini.

Saa tano na nusu hadi saa tisa: usitoke nje

Hiki ndicho kipande ambacho wazazi hubishana nami, na ndicho nisichokubali kukiacha. Saa tatu na nusu ndani! Wamesafiri usiku kucha kuja kuona mji, na mimi nawaambia walale?

Ndiyo. Kula kwanza. Wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa watu wazima, pilau isiyo na pilipili kwa watoto, na maji ya ukwaju au bungo kwa wote. Saa sita muwe chumbani. Oga, funga mapazia, washa feni, simu zote chini. Watoto wataapa hawana usingizi, na baada ya dakika ishirini wote watakuwa wamelala. Watu wa mji wenyewe hufanya hivyo. Pita mitaa ya Mji wa Kale saa nane mchana usikie ilivyo kimya.

Mtoto akionyesha dalili za joto asubuhi, yaani kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa jasho, mkojo wa rangi nzito, mpeleke kivulini mara moja, umvue nguo za juu, umkande kwa leso iliyoloweshwa shingoni na kwapani, umpe ORS kwa kijiko. Akitapika kila anachokunywa, akichanganyikiwa au akizimia, usingoje. Mpeleke hospitali iliyo karibu.

Saa tisa: chagua njia moja

*Njia ya kaskazini*, kwa watoto wa miaka sita na kuendelea, siku isiyo ya bamvua. Vuka Daraja la Nyali hadi Haller Park, Bamburi. Palikuwa shimo kubwa jeupe la machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu usioota hata nyasi. Mwaka 1971 mtaalamu René Haller alianza kupanda miti humo, na mvinje ndio uliostahimili chumvi na ukame. Lakini majani yake makavu yalirundikana bila kuoza. Akaleta majongoo wayale, na kinyesi chao kikawa udongo. Msitu mnaotembea chini yake leo umeanzia kwa jongoo. Waambie watoto hivyo mlangoni, na utawaona wakiinama kuinua majani kuliko wanavyotazama juu kwa twiga.

Twiga wapo, viboko wapo, na kobe wakubwa wapo. Hapa ndipo alipoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa pwani ya Malindi mwishoni mwa 2004 akiwa hana mama, akamwandama kobe mzee aitwaye Mzee, akalala naye na kumfuata kila alikokwenda. Uliza langoni saa ya kulisha wanyama, upange mzunguko wako kwa saa hiyo. Kuna kivuli karibu kote.

Kutoka hapo si mbali kufika ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, wenyeji wanaouita Pirates. Saa moja ya maji inatosha. Watoto wavae malapa au viatu vya mpira hata majini, kwani kwenye miamba kuna viumbe wenye miba mirefu mieusi inayovunjikia mguuni. Mtu mzima mmoja kazi yake iwe kuhesabu vichwa, asiogelee, asishike simu. Kupanda ngamia au kukodi boya, patana bei kwanza. Ondokeni saa kumi na moja kamili kabla foleni ya daraja haijafunga.

*Njia ya kisiwani*, kwa wenye watoto wadogo, wenye wazee, au siku ya bamvua. Nendeni Mama Ngina, kando ya bahari, pale wenyeji tunapopaita Lighthouse. Kabla ya kukaa, kama watoto hawajawahi kupanda chombo cha majini, vukeni kwa feri ya Likoni na kurudi. Waenda kwa miguu hawalipi chochote. Ila fanya hivyo kabla ya saa kumi, kwani baadaye umati ni mkubwa mno kwa mtoto. Subirini wenye haraka watangulie, simameni pembeni penye kizuizi, kila mtoto na mkono wake wa mtu mzima. Picha usipige.

Kisha rudini mkakae chini ya mibuyu ya Mama Ngina. Meli za makontena zinazoingia bandari ya Kilindini hupita karibu kiasi kwamba mtoto anaweza kusoma jina la meli bila darubini, na meli moja hufunika upeo wote wa macho mbele yenu. Kwangu mimi, hii ndiyo alasiri bora ya Mombasa, hata kwa wasio na watoto wadogo.

Jua likizama

Kama mlikwenda kaskazini na foleni haikuwakamata, bado mtawahi hapa Mama Ngina. Agizeni mihogo ya kukaanga, wapasue, wakamulie ndimu na kunyunyiza chumvi. Pilipili iwe pembeni kwa ajili ya watoto. Madafu mnywe, kisha mrudishe yapasuliwe mle nyama yake kwa kijiko cha kifuu. Chakula kizito zaidi ni mishikaki, viazi karai na bhajia. Nunua kwa anayekaanga mbele yako na mwenye wateja wengi. Kachumbari na chatne iliyokaa wazi tangu mchana waachie wenye matumbo ya hapa. Watoto wa safari wapewe vya moto tu.

Kurudi stesheni

Kwa treni ya saa nne usiku, muwe mmeoga na kufunga mabegi saa moja, na garini kabla ya saa mbili. Stesheni wasafiri hukaguliwa zaidi ya mara moja: mizigo hupangwa chini kwa mstari mbwa wainuse, kisha hupita kwenye mashine. Waeleze watoto kuhusu mbwa mapema, kwani wapo wanaoogopa na kulia, na usingizi ukiongezwa juu yake hali huwa ngumu. Visu na vinywaji vikali huzuiwa, kwa hiyo kisu cha kumenyea matunda kiache.

Wavalishe nguo za kulalia chini ya sweta. Mabehewa huwa na baridi kuliko wanavyotarajia baada ya siku ya jua, na zile leso mbili ndizo zitakuwa shuka. Mchanga uliobaki masikioni na kati ya vidole ufutwe kwa kitambaa chenye maji kabla ya kupanda. Na mabuyu yafungeni ndani kabisa ya begi mpaka mfike, maana rangi yake ikishika kwenye nguo haitoki.